Mkeka uliochanika kwenye kiunzi cha mwisho: Cheltenham, 10 Machi 2015

Jumanne, siku ya kwanza ya tamasha la mbio za farasi la Cheltenham mwaka 2015, mkeka mmoja (tiketi inayounganisha farasi kadhaa, ambayo hulipa wote wakishinda tu) ulikuwa mfukoni mwa watu wengi kupita kiasi huko Uingereza na Ireland: Douvan, Un De Sceaux, Faugheen, Annie Power. Farasi wote wanne walitoka katika zizi la mkufunzi Willie Mullins wa Ireland. Wote walipandwa na jokei Ruby Walsh. Kila mmoja ndiye aliyepewa nafasi kubwa zaidi katika mbio zake. Watatu wa kwanza walishinda. Wa nne, Annie Power, alifika kiunzi cha mwisho akiwa mbele, akaanguka. Wasemaji wa kampuni za kubeti walitaja jioni ile kwamba mwanguko huo uliwaokolea kati ya pauni milioni 40 na 50. Makadirio hayo yalitoka kwa wenye maduka wenyewe, ambao hawana sababu ya kutaja namba ndogo, lakini hata ukiyapunguza nusu bado ni fedha nyingi mno kuning'inia kwenye hatua moja ya farasi.

Kisa hiki kinamfaa yeyote anayejaza mkeka wa mbio za kuruka, kwa sababu farasi waliochaguliwa walikuwa wazuri kweli. Hakuna hata mmoja aliyekuwa amepambwa na magazeti tu. Kilichowaponza wabetaji ni umbo la tiketi na namna walivyoitazama baada ya farasi wa tatu kushinda, na hayo ndiyo tunayoyachambua hapa kwa hesabu.

Kwanza tuelewane kuhusu mchezo wenyewe. Msomaji wa Nairobi aliyewahi kwenda Ngong Racecourse ameona mbio za uwanda mtupu, ambako farasi hukimbia tu. Cheltenham, katika jimbo la Gloucestershire, farasi huruka. Kuna viunzi, vyepesi, vyenye kimo cha kuanzia mita 1.07 hivi, ambavyo hulala kidogo vikigongwa. Kuna vizuizi, vya matawi yaliyoshindiliwa, imara, vya kuanzia mita 1.37, na vingine vina mtaro mbele yake. Mbio za viunzi huenda kwa kasi kubwa zaidi na huangusha farasi wachache. Za vizuizi huangusha wengi zaidi. Zile mbio za farasi za kompyuta zinazoonyeshwa kwenye maduka ya kubeti mjini hazihusiani na hili hata kidogo. Pale hakuna historia ya kusoma, hakuna udongo wala jokei, na lolote utakalosoma hapa halitakusaidia huko.

Bei walizoanza nazo farasi wetu, yaani bei rasmi ya dakika mbio zinapoanza, zilikuwa hizi. Douvan 2/1. Un De Sceaux 4/6. Faugheen 4/5. Annie Power 1/2. Waingereza huandika bei kwa sehemu, na namba ya kwanza ni faida juu ya dau: 4/6 maana yake ukiweka 6 unapata faida 4. Kuigeuza iwe kama tuliyoizoea kwenye simu, gawanya namba ya juu kwa ya chini kisha ongeza 1. Hivyo Douvan ni 3.00, Un De Sceaux 1.67, Faugheen 1.80 na Annie Power 1.50. Zidisha zote (ya Un De Sceaux iache ikiwa 5/3 ili usipoteze senti) na mkeka wa wanne unatoka 13.50.

Fuata dau la pauni 10 lilivyotembea. Douvan aliposhinda likawa 30. Un De Sceaux akalifikisha 50. Faugheen akalifikisha 90. Annie Power angelifikisha 135. Zishike namba mbili za mwisho, 90 na 135, maana kisa chote kimelala katikati yake.

Sasa nafasi. Bei ya 13.50 inasema mkeka huu ungefika mara 7 hivi katika 100: 33.3% ya Douvan, mara 60% ya Un De Sceaux, mara 55.6% ya Faugheen, mara 66.7% ya Annie Power, jumla 7.4%. Hiyo ni kabla ya kutoa faida ya kampuni. Tuseme kampuni imejikatia 4% katika kila mbio. Ukibeti farasi mmoja mmoja, kwa wastani unapoteza senti 40 katika kila pauni 10. Ukiwaunganisha wanne, ile 4% inakatwa mara nne, moja juu ya nyingine, na pauni 10 yako inabaki na thamani ya pauni 8.49. Umelipa pauni 1.51 kwa raha ya kuwaunganisha. Ndiyo maana kampuni hutangaza mikeka mirefu kwa bidii kubwa kuliko dau la farasi mmoja.

Hata hivyo wiki nzima kabla ya mbio mkeka huu ulizungumzwa kana kwamba umeshafika. Sababu inaeleweka. Kila farasi peke yake alionekana ngome. Faugheen alikuwa hajapoteza mbio hata moja. Douvan alikuwa amekimbia mara mbili tu tangu aanze kuruka viunzi Ireland, akashinda zote bila kutoa jasho. Zizi lilikuwa na nguvu za ajabu. Wiki ile Mullins alimaliza na washindi 8, rekodi kwa wakati huo. Ila macho ya mtu hayazidishi asilimia. Anaona 60, anaona 66, anaona tena 55, na kichwani anabaki na wastani wa 60.

Tuwatazame farasi kwa kile ambacho mbetaji angepaswa kukiandika pembeni ya kila jina asubuhi ile.

Un De Sceaux ndiye aliyewatia watu tumbo joto. Alikimbia mbio za vizuizi, Arkle, na mwanzo wake wa kuruka vizuizi, huko Thurles mwishoni mwa 2014, alianguka. Ni farasi wa kuongoza toka mwanzo, anaruka kwa kasi na hapendi kushikwa. Farasi wa namna hiyo akikosea hapati muda wa kujirekebisha. Ukiuliza siku ile nani ataanguka, karibu kila mtu angemtaja yeye. Aliruka vizuri akashinda kwa urefu wa farasi 6.

Annie Power hakuwa na alama kama hiyo. Hadi asubuhi ile alikuwa amepoteza mbio moja tu maishani, World Hurdle ya 2014 pale pale Cheltenham, aliposhika nafasi ya pili nyuma ya More Of That katika umbali wa maili 3. Sasa alirudi maili 2 na nusu, dhidi ya majike wenzake. Doa pekee lilikuwa kwamba hakuwa amekimbia msimu ule; mbio zake za mwisho zilikuwa Punchestown mwaka uliotangulia. Hilo watu walilipuuza kwa sababu nzuri: Quevega, jike mwingine wa Mullins, alishinda mbio hizi hizi mara 6 mfululizo kuanzia 2009 hadi 2014, na kawaida yake ilikuwa kuja Cheltenham akitoka mapumzikoni moja kwa moja. Zizi linalojua kumwandaa farasi kwa siku moja linastahili kuaminiwa juu ya hilo.

Kwa hiyo hatari ya kuanguka iliwekwa yote kwa Un De Sceaux, na kwa Annie Power ikawekwa sifuri. Hapo ndipo hesabu ilipopinda. Hakuna farasi wa kuruka mwenye sifuri. Tuchukue makadirio yetu wenyewe, ya kufanyia hesabu tu: kama akimaliza kwa miguu yake anashinda mara 75 katika 100, na uwezekano wa kuanguka au kumtupa jokei ni 2 katika 100, basi nafasi yake halisi ni 73.5%. Bei ya 1/2 inahitaji 66.7% ili usipate hasara. Maana yake dau moja juu ya Annie Power lilikuwa dau zuri, na lingeendelea kuwa zuri hata baada ya kuanguka kwake. Wanaosema "kumbeti kwa 1/2 ulikuwa ujinga" wanahukumu kwa matokeo. Ile 2% haitoshi kumkataa farasi. Inatosha kukuzuia usiweke juu yake kiasi ambacho usingekiweka mkononi.

Mbio zilikuwa saa 10 jioni kwa saa za huko, saa 1 usiku Dar es Salaam na Nairobi. Annie Power alikwenda kirahisi tangu mwanzo. Walipoingia moja kwa moja kuelekea kiunzi cha mwisho, Walsh hakuwa amemwomba juhudi yoyote. Hatua moja kabla ya mahali alipopaswa kurukia, akaruka. Akawa mbali mno, akashukia kwenye kiunzi badala ya kukivuka, akaporomoka pamoja na jokei. Wote wawili waliinuka salama. Maelezo yaliyosikika sana baadaye ni kwamba jua lilikuwa chini na kiunzi kilitupa kivuli mbele yake. Jike akachukua kivuli kuwa ndicho kiunzi. Glens Melody, naye wa Mullins lakini akipandwa na Paul Townend, alishinda kwa urefu wa kichwa tu mbele ya Polly Peachum, kwa bei ya 6/1.

Habari ya jua si ya kubahatisha. Uingereza, miezi ya baridi, waendeshaji wa viwanja huondoa viunzi au vizuizi vinavyotazama jua la chini, na tangazo hutolewa siku yenyewe. Vikiondolewa, umbali wa kukimbia bila kuruka unaongezeka na faida humwendea farasi mwenye kasi ya uwandani kuliko mrukaji hodari. Mbetaji makini husoma tangazo hilo kabla ya mbio za alasiri. Miaka ya karibuni, baada ya utafiti wa Chuo Kikuu cha Exeter kuhusu macho ya farasi, alama za rangi ya chungwa kwenye viunzi na vizuizi zilianza kubadilishwa kuwa nyeupe, kwa sababu farasi haitofautishi vyema rangi ya chungwa na kijani cha nyasi.

Turudi nyuma dakika 40. Faugheen ameshinda Champion Hurdle, akifuatwa na Arctic Fire na Hurricane Fly, wote wa zizi lile lile. Mwenye mkeka wa pauni 10 anapiga kelele kwamba "amebaki mmoja". Hilo ndilo neno linalopotosha kuliko yote katika kubeti mikeka. Dau lake la pauni 10 lilikwisha kazi saa ile Douvan aliposhinda. Alichonacho sasa ni pauni 90, zote ziko juu ya farasi mmoja, ili apate faida ya pauni 45.

Jiulize swali moja kila unapofika hapo: kama ningekuwa na hizi 90 mkononi, ningekwenda dirishani kuziweka zote juu ya huyu kwa bei hii? Kama dau lako la kawaida ni 10, jibu ni hapana, na huna haja ya kujua lolote zaidi kuhusu farasi. Kama dau lako la kawaida ni 90, acha mkeka utembee.

Aliyejibu hapana alikuwa na njia tatu.

Ya kwanza ni kuiuzia kampuni mkeka kabla haujaisha. Thamani ya haki ya mkeka ule kabla ya mbio za nne, kwa bei ya 1.50, ni 135 gawanya kwa 1.50, yaani 90. Ofa ya kampuni huwa chini ya hapo. Tofauti ndiyo faida yao ya pili juu ya tiketi moja. Fanya hesabu hiyo kabla ya kubonyeza: gawanya malipo kamili kwa bei ya sasa ya farasi aliyebaki, kisha linganisha na ofa. Ikiwa ofa ni 85 kwa thamani ya 90, unalipa karibu 6% kwa usalama, na ni uamuzi wako. Ikiwa ni 70, kataa na utafute njia nyingine. Zingatia pia kwamba kitufe hufungwa mpaka matokeo ya mbio zilizotangulia yathibitishwe, na uthibitisho huja baada ya majokei kupimwa uzito. Katika zile dakika 40 pengine ulibaki na nusu saa.

Ya pili ni kubeti dhidi ya farasi kwenye soko la kubadilishana dau kama Betfair, ambako unachukua nafasi ya kampuni. Kwa bei ya 1.50 na kamisheni ya 5%, dau la kupinga linalosawazisha pande zote ni 135 gawanya kwa 1.45, yaani pauni 93.10. Akishinda Annie Power, mkeka unaleta 135 na unalipa 46.55 sokoni, unabaki na 88.45. Akishindwa, mkeka unakufa, soko linakupa 93.10 ukitoa kamisheni, unabaki na 88.45 vile vile. Ukitaka kubaki na hamu ya mbio, pinga nusu, yaani 46.55: akishinda unabaki na 111.72, akianguka unabaki na 44.22. Jambo ambalo watu husahau ni kwamba zile 46.55 za kulipa (ukipinga dau zima) lazima ziwe tayari kwenye akaunti kabla ya kupinga. Soko halikubali ahadi ya mkeka ulioko kwenye kampuni nyingine. Programu nyingi za kubeti za Kenya na Tanzania hazina soko la namna hii, hivyo msomaji wa huku kwa kawaida hubaki na njia ya kwanza na ya tatu.

Ya tatu ni kuweka kiasi kidogo juu ya mpinzani. Pauni 10 juu ya Glens Melody kwa 6/1 zingerudi 70. Ubaya wake ni kwamba inafunika farasi mmoja tu. Kama kichwa kile kingekuwa cha Polly Peachum, ungepoteza mkeka na kinga. Ila katika mbio hizi Glens Melody hakuwa wa kubahatisha. Mwaka uliotangulia, 2014, alikuwa wa pili nyuma ya Quevega katika mbio hizo hizo, uwanja huo huo. Alikuwa ameshathibitisha kwamba anakimaliza kilima cha mwisho cha Cheltenham.

Tukae kidogo kwa Glens Melody, maana yeye ndiye dau bora la siku ile lililopitwa na wengi. Palipo na farasi mmoja wa bei ya 1/2, fedha zote humkimbilia, na bei za waliobaki huvimba. Tazama dau la ushindi na nafasi: unaweka pauni 1 ashinde na pauni 1 awe ndani ya tatu bora, jumla 2. Mbio zisizo za kusawazisha uzito, yaani zisizowabebesha farasi bora mzigo zaidi, zenye farasi 8 au zaidi hulipa nafasi tatu kwa moja ya tano ya bei, yaani 6/5 kwa farasi wa 6/1. Annie Power angesimama na Glens Melody akashika nafasi ya pili au ya tatu, ungerudishiwa 2.20, hasara huna. Annie Power alipoanguka, 7.00 za ushindi na 2.20 za nafasi, jumla 9.20 kwa dau la 2. Hili ni dau linalokulipa kwa ile 2% ambayo wenye mkeka waliiita sifuri. Litafute kila siku ya mbio penye farasi mmoja mkubwa na mwingine mmoja au wawili walio wazi kuwa bora kuliko waliobaki, lakini hesabu wakimbiaji asubuhi na tena kabla ya mbio: wakishuka kutoka 8 hadi 7, nafasi ya tatu hailipwi tena, zinabaki mbili kwa moja ya nne ya bei, na dau lote hubadilika sura.

Umbo la tiketi ndilo lililobaki. Mtu aliyekuwa na imani na farasi wale wanne hakulazimika kuwafunga mnyororo mmoja. Yankee ni madau 11: jozi 6, watatu-watatu 4, na wanne 1. Lucky 15 inaongeza madau 4 ya mmoja mmoja. Tuweke kila umbo kwenye matokeo halisi ya siku ile, watatu washinde na mmoja aanguke, kwa pauni 1 kila dau.

Mkeka wa wanne pekee: unarudi sifuri.

Yankee: jozi zilizofika ni Douvan na Un De Sceaux 5.00, Douvan na Faugheen 5.40, Un De Sceaux na Faugheen 3.00, watatu pamoja 9.00. Jumla 22.40 kwa pauni 11. Fedha imezidi maradufu kidogo.

Lucky 15: ongeza mmoja mmoja, 3.00, 1.67 na 1.80, jumla inakuwa 28.87 kwa pauni 15.

Gharama inaonekana wote wanne wakishinda. Mkeka wa wanne unazidisha fedha mara 13.5. Yankee ingerudisha 65.70, karibu mara 6. Lucky 15 ingerudisha 73.67, karibu mara 5. Kwa farasi wa bei ndogo kama hawa sisi tungechagua Yankee kuliko Lucky 15, kwa sababu dau la mmoja mmoja kwa bei ya 1.50 linaongeza gharama na halileti kinga kubwa. Kwa farasi wa bei ya 5/1 kwenda juu tungegeuza uamuzi, maana hapo mmoja tu akishinda anarudisha sehemu nzuri ya tiketi. Na kosa la kawaida kwenye Lucky 15 ni kuandika pauni 10 ukidhani ni jumla. Ni pauni 10 mara 15. Soma jumla kabla ya kulipa, na kama nchini kwako kuna kodi inayokatwa kwenye dau au ushindi, iingize kwenye hesabu mapema, kwani kwenye bei ndogo ndiyo inayoamua kama dau lina maana.

Kuna kanuni moja ya malipo ambayo siku ile iliwauma watu zaidi ya mwanguko wenyewe. Annie Power angeondolewa asubuhi, tuseme kwa kuchechemea, mkeka wa wanne ungegeuka wa watatu na pauni 10 zingelipa 90. Kwa kuwa alianza mbio, alihesabika mkimbiaji, na kuanguka kunalipwa kama kushindwa kokote: sifuri. Tofauti ya 90 na 0 iko kwenye mstari wa kuanzia. Waliobeti wiki au miezi kabla wana sheria kali zaidi, kwani farasi asipokimbia dau lao hupotea, isipokuwa kampuni imeahidi waziwazi kurudisha dau la asiyekimbia. Tafuta ahadi hiyo kwenye tiketi kabla ya kukimbilia bei nono ya Januari.

Na wapinzani nao wana sheria yao. Mkimbiaji akiondolewa baada ya wewe kuchukua bei, kampuni hupunguza faida yako kulingana na ukubwa wa aliyeondoka, chini ya kanuni inayoitwa Rule 4. Farasi wa 1/2 akiondoka, makato ni senti 65 kwa kila pauni ya faida. Pauni 10 zako juu ya Glens Melody kwa 6/1, badala ya faida ya 60, zingekupa 21. Alipoanguka, hakuna kilichokatwa. Ulilipwa 60 nzima.

Kwa siku nyingine yoyote ya mbio za kuruka, iwe Cheltenham, Aintree au Leopardstown, kazi ya asubuhi hufuata mpangilio uleule. Soma hali ya udongo kwanza, kisha orodha ya waliojiondoa, kisha idadi ya wakimbiaji kwa ajili ya nafasi. Andika kwa kila farasi wako asilimia unayompa kabla ya kutazama bei. Punguza kidogo kwa ajili ya kuanguka, zaidi kwenye vizuizi, zaidi tena kwa farasi mchanga anayeruka vizuizi kwa mara ya pili au ya tatu. Asilimia yako isipozidi ile inayohitajiwa na bei, mwache, hata kama ndiye atakayeshinda. Tenga fedha ya siku nzima ambayo ikipotea yote hakuna ada wala kodi ya nyumba itakayoyumba, gawanya kwa idadi ya madau uliyopanga, na usiongeze baada ya mbio za kwanza kwa sababu yoyote. Aliyepoteza kwa Annie Power akaongeza dau maradufu kwenye mbio mbili zilizobaki siku ile aliingia mbio ambazo hakuwa amezisoma.

Baada ya siku ile jina la Annie Power lilibeba herufi F kwenye orodha ya matokeo yake, alama ya kuanguka, na wapo waliomkwepa kwa sababu hiyo. F haisomwi peke yake. Uliza alianguka wapi, akiwa na nguvu kiasi gani, na kwa kosa la namna gani. Anayeanguka mapema kwa kugonga kila kiunzi ana tatizo la kuruka litakalorudi. Anayeanguka mwishoni akiwa hoi aliishiwa pumzi, na umbali ndio wa kubadilisha. Anayeanguka akiongoza kirahisi, kwa hatua moja iliyokosea, hana tatizo la kudumu, na soko mara nyingine humpa bei kubwa kuliko anavyostahili. Annie Power alirudi Punchestown majira yale yale akashinda. Machi 2016, baada ya Faugheen kuumia, wenye farasi walilipa pauni 20,000 kumwingiza kwa kuchelewa kwenye Champion Hurdle, akaanza kwa 5/2, akashinda kwa urefu wa farasi 4 na nusu. Alistaafu na ushindi 15 katika mbio 17.